Wimbo wa Siwema na Koki za Sikivuni

Haya, sogeeni. Mwenye simu iliyobakiza chaji kidogo achomeke kabisa, maana nikianza sisimami. Na msiniulize nilifikaje Sikivuni. Kila nikisimulia kuna mtu anadakia, ulipanda nini, ulipitia wapi. Nilifika, basi. Nilikuwa natembea nasikiliza muziki, spika wazi, kichwa chini, na nilipokiinua nikakuta nimesimama mbele ya geti, na mtu mwenye mkoba wa ngozi ananiangalia masikio.

Si macho. Masikio. Kule watu wakikutana wanaangaliana masikio kwanza, ndipo wanasalimiana.

"Hicho kinacholia ni nini?" akaniuliza.

"Simu, mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Na hicho ndani ya simu?"

"Wimbo."

"Wa kwako?"

"Wa kwangu. Nimeununua."

Uso ukalainika. Akajitambulisha: Mkaguzi Faki, wa Jumba la Nyimbo. Mtu wa makamo, mwembamba, sare yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Akaniuliza nimeununua wapi, nikamwambia kwenye duka la humohumo kwenye simu. Akaniuliza kama nausikilizia kwenye duka hilohilo.

Mimi nikajiona mjanja. "Aa, wapi! Ile ya dukani inanichosha, kila saa inanitangazia vitu. Kuna programu nyingine kaitengeneza jamaa mmoja tu, yuko peke yake, haina makelele. Nanunua kule, nasikilizia huku."

Mkaguzi Faki akashika nguzo ya geti.

"Unanunua kwa huyu, unasikilizia kwa yule?"

"Ndiyo."

"Na usingizi unakuja?"

Akafungua mkoba, akatoa kipande cha lakiri nyekundu, akakipasha kwa kiberiti, akakibandika kwenye kitundu cha spika ya simu yangu, akakigonga muhuri. Hakufanya kwa ubaya, niseme ukweli. Aliipuliza ipoe isije ikaniunguza kidole. "Itatolewa ukiwa unaondoka," akasema. "Humu ndani koki za nje ni marufuku."

Koki gani tena? Mimi nina simu. Lakini ukishaingia unaelewa.

Juu ya kilima kuna Jumba la Nyimbo, na ndani yake matangi, na ndani ya matangi nyimbo zote zilizowahi kuimbwa Sikivuni. Kutoka pale mabomba yanashuka mpaka kila nyumba, yanapita ukutani, yanaishia kwenye koki. Unafungua koki, unataja wimbo ulioununua, na wimbo unatiririka chumba kizima. Haulowanishi kitu. Ukikinga ndoo ili ubaki nao, ndoo inabaki kavu. Nimejaribu.

Tukiwa njiani nikamuuliza Mkaguzi, mtu akishanunua wimbo, kwa nini asiuchukue akauweke nyumbani kwake?

"Wa nini? Utaingia vumbi."

"Lakini si ni wake?"

"Ni wake kabisa, nani kambishia? Wimbo ni wake. Kuusikia ndiyo kwetu."

Alisema hivyo kama mtu anayekwambia chumvi inakaa jikoni. Halafu akaniambia kwamba kuna siku nyingine wimbo unakauka tu. Jumba likigombana na waimbaji, tangi linamwagwa. Aliyeununua anafungua koki anasikia upepo. Hapo Jumba humpelekea mkaguzi akampe pole. Pole hutolewa kwa kusimama, kofia mkononi, na aliyekaukiwa anatakiwa ashukuru.

"Hata mimi nimeshapewa," akasema, akanionyesha duka la vitambaa ambalo sikuwa nimeliulizia.

Sasa kuna desturi moja ya kule lazima niiseme, maana kila kitu kinakuja kuegemea hapo. Mtoto akizaliwa Sikivuni, kabla hajapewa jina, mzazi anapanda kilimani kumnunulia wimbo. Unaitwa wimbo wa kizazi. Mtoto akiota meno anafunguliwa huo. Akiumwa, huo. Na siku ya kuolewa au kuoa anavushwa kwa huo. Mzazi anamshika mkono, wanasimama kizingitini, koki inafunguliwa. Kila wimbo wa kizazi una kona, mahali ambapo sauti inanyamaza, ngoma inabaki peke yake chini kwa chini kama mtu anatembea chumba cha pili, halafu sauti inarudi. Pale sauti inaporudi, mzazi anavuka kizingiti na mwanawe.

Akiwahi, watu wanasema amemfukuza. Akichelewa, amemng'ang'ania. Na hakuna ruhusa kumkonyeza wala kumgusa kiwiko. Macho yake yanaangalia nje, mbele. Mzazi mwenyewe ndiye anatakiwa asikie kwamba wakati umefika.

Mkaguzi anasimama pembeni anashuhudia. Ikienda sawa, wimbo unahamishiwa bomba la nyumba mpya, mtoto anakwenda nao. Ikiharibika, wimbo unabaki kwenye bomba la mzazi, na siku mzazi akifa unafungwa. Kuvushwa hakurudiwi.

Wageni hupangiwa nyumba na mkaguzi. Mimi nikapangiwa kwa Mzee Ngwali, mshona majamvi, mjane, mwenye binti mmoja anaitwa Siwema. Harusi ya Siwema ilikuwa wiki ileile. Nikashangilia, jamani harusi! Nikatoa simu nipige picha. Siwema akacheka akaziba uso kwa upawa.

"Baba, mgeni kafika!"

Mzee Ngwali alikuwa amekaa mbele ya ukuta, mbele ya koki, amenyooka kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Hakugeuka.

"Baba!"

Hakugeuka. Siwema akaenda akasimama mbele yake, ndipo akainuka na kicheko kikubwa. "Karibu, karibu mwanangu! Nilikuwa najizoeza wimbo."

Akafungua koki. Ilikuwa mpya, ya shaba inang'aa, Jumba lilibadilisha za nyumba zote kwa lazima mvua zilizopita. Ikaanza kwa salamu: "Jumba la Nyimbo linakujali." Ndipo wimbo ukatoka, na jamani ulikuwa mwembamba! Kama mbu kafungiwa kwenye kikombe. Wakubwa wa Jumba wanasema sauti nyembamba ndiyo safi, ile nene ilikuwa inachafua kuta. Nikamwangalia mzee. Anatabasamu, haangalii koki, anaangalia mguu wa binti yake. Dole gumba la Siwema lilikuwa linacheza lenyewe kwenye kandambili, na mzee anatikisa kichwa kwa kulifuata.

Katikati, koki ikajikatisha. Ikauliza, "Bado upo?"

Hiyo nayo ni ya koki mpya. Ikiuliza, aliyeununua wimbo anatakiwa ajibu "Nipo", kwa sauti yake mwenyewe, la sivyo inafunga.

Mzee anatabasamu.

"Bado upo?"

"Yupo!" Siwema akaipigia kelele. Haikubali sauti ya mtu mwingine. Ikafunga. Chumba kikanyamaza kabisa. Mzee Ngwali akaendelea kutikisa kichwa kwa wimbo ambao haupo. Dole la Siwema likaendelea kucheza, taratibu, mpaka mahali ambapo wimbo ungeishia kama ungekuwepo, likatulia.

"Mzuri, baba?"

"Mzuri, mama. Ila siku hizi wanauimba polepole."

Mimi nikajifanya naangalia simu.

Jioni ile akaingia dada wa Mzee Ngwali, Shangazi Tausi. Mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuwa amebeba kitu chini ya kanga kama mtu kaiba kuku. Akafunga mlango, akafunua: koki ya udongo, tumbo nene kama mtungi, mdomo wa mti. Kaifinyanga mwenyewe.

"Mgeni, una mdomo mrefu?"

"Hapana, Shangazi."

"Haya, kaa nao hivyohivyo mfupi."

Tukaenda wote nyuma ya nyumba, bomba linapotokea ukutani kabla ya kuingia ndani, wakaipachika. Siwema akataja wimbo wake. Haukuanza na salamu ya mtu yeyote. Ngoma ilikuja kwanza, nzito, nikaisikia kwenye magoti. Halafu sauti ya mwanamke anamwita mtoto aliyekwenda kisimani, anamwambia arudi, arudi hata kama kibuyu hakijajaa. Mzee Ngwali akaweka kiganja kifuani. Mdomo ukamfunguka.

"Tausi," akasema. "Tausi, ndio huu! Huu ndio nilioununua!"

Na kona ilipofika, sauti ikanyamaza, ngoma ikatembea chini kwa chini, sauti ikarudi, na mzee akapiga hatua moja pale uani, amemshika mkono mtu ambaye hakuwepo. Barabara. Palepale.

Shida ni kwamba siku ya harusi Mkaguzi Faki atakuwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo Shangazi Tausi akaamua kwenda kuomba ruhusa Barazani, koki yake itumike mara hiyo moja tu. Nikamfuata. Ningekosa hilo mimi?

Baraza la Masikio la kule lina sifa moja nzuri sana. Hakuna kupigiana kelele. Kila mtu anasikilizwa mpaka mwisho, wajumbe wameweka viganja nyuma ya masikio, wametulia. Na likishasikiliza, linafanya lilichokuwa limekusudia tangu asubuhi.

Shangazi Tausi akaeleza. Mjumbe mmoja mwenye mashavu akasimama.

"Huyu mzee hajanyimwa wimbo. Wimbo unatoka. Kutoka ni kazi ya Jumba, kuingia ni kazi ya sikio. Je, Jumba lilimuuzia sikio?"

Wakampigia makofi ya kule, yaani kila mtu anavuta ndewe ya sikio lake.

Mwingine akasema, "Koki ya Jumba inatoa wimbo mwembamba. Koki ya huyu mama inatoa mnene. Mimi nauliza, huo unene umetoka wapi? Tangini haumo. Hatuwezi kuruhusu watu wasikie vitu ambavyo hatujaviweka."

"Waheshimiwa," Shangazi Tausi akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anapunguza sauti, "kaka yangu haombi unene. Anaomba amtoe binti yake mlangoni."

Mwenyekiti wao, wanamwita Sikio Kuu, akatoa kitambaa akajifuta macho. Alilia kweli. Wajumbe kadhaa nao wakalia.

"Imetuuma, mama. Iandikwe kwamba imetuuma."

"Basi ruhusuni."

"Kuruhusu hatuwezi. Kuumia tumeumia."

Shangazi Tausi akasimama pale, mikono kiunoni. Akauliza, "Na nikisimama mlangoni nikauimba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu?"

Inaonekana hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Kule watu hawaimbi, wanafungua koki. Wajumbe wakanong'onezana muda mrefu. Mwenye mashavu akasema mdomo ni tundu, nalo linatoa wimbo, na Jumba halikulitengeneza, kwa hiyo ni koki ya nje. Mwingine akasema lakini watu wanautumia kula. Wakakubaliana kwamba kula kuruhusiwe.

"Watu wenye midomo ni wangapi?" akauliza Sikio Kuu.

"Wote, mheshimiwa."

"Lakiri ya kuwatosha ipo?"

"Haipo."

"Basi sheria ianze leo, utekelezaji usubiri lakiri. Ila kwa kuwa nyumba hii imeshatishia, Mkaguzi Faki apewe ya kwendea harusini."

Tukatoka. Shangazi Tausi akateremka ngazi mbele yangu. "Waje wanibandike," akasema. "Nitaitafuna hiyo lakiri niwatemee." Halafu akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akalia, nami nikakaa pembeni yake nikimpepea kwa kifuniko cha simu, sijui hata kwa nini.

Nyumbani Siwema alisikia matokeo huku anapeta mchele. Bwana harusi alikuwa ameshatuma salamu kwamba kama ni tabu waache kuvuka, Siwema aje tu, yeye atampokea bila wimbo. Siwema akasema hapana. "Nitoke kimyakimya kama mtu anatoroka? Huyu baba kanilea peke yake. Ananivusha, au naolewa mwakani."

"Mwakani atakuwa hasikii hata koki yangu," akasema Shangazi.

Siwema akaacha kupeta.

Mzee alikuwa ameelewa, msidhani. Mtu asiyesikia anaelewa mengi. Akaja akakaa karibu na binti yake, akaanza kumsaidia kutoa chuya.

"Usihangaike, mama. Nitaujua tu. Nimeusikia tangu una meno mawili."

"Sawa, baba."

Akamwangalia mdomo kuona amejibu nini. Akatabasamu. Halafu akasema, si kwa nguvu, "Nikichelewa watasema nimekung'ang'ania." Akatupa chuya moja. "Wala hawatakuwa wamesema uongo."

Siku ya harusi watu walijaa mpaka barabarani. Koki ya Jumba imesuguliwa kwa majivu, inawaka. Mzee Ngwali kavaa kanzu mpya, kasimama kizingitini, kidevu juu, anaangalia nje. Mkono wake wa kushoto kashika mkono wa Siwema. Siwema kavaa viatu vya kufunika, dole gumba halionekani, na hata lingeonekana mzee haruhusiwi kuliangalia. Mkaguzi Faki kasimama pembeni ya mlango, kofia kichwani, mkoba begani. Shangazi Tausi kasimama karibu naye kwa makusudi, anamtazama sikio.

Koki ikafunguliwa. "Jumba la Nyimbo linakujali." Wimbo ukaanza kuchuruzika, mwembamba vilevile. Watu wakatulia. Nikamwona mzee anahesabu kitu midomoni, anajaribu kuukumbuka badala ya kuusikia. Jasho linamtoka kwenye kola. Na nikajiambia huenda atapatia, jamani, huenda atapatia, maana alikuwa anakaribia kabisa.

Koki ikajikatisha.

"Bado upo?"

Mzee kidevu juu.

"Bado upo?"

Umati mzima ukamwangalia. Hakuna ruhusa kumgusa. Kuna mama mmoja akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee Ngwali akaubana mkono wa binti yake, akasogeza mguu kidogo, akaurudisha. Anangoja kona.

Koki ikafunga.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Na katikati yake mtu mmoja tu anatikisa kichwa. Bwana harusi huko nje akainamisha uso. Mkaguzi Faki akavua kofia, na mimi nikajua maana yake, anajiandaa kutoa pole.

Ndipo Siwema akageuka. Hakumkonyeza baba yake, wala hakumsukuma. Alimwachia mkono ule wa kushoto, akauinua, akaufungua vidole kimoja kimoja, akauweka kwenye koo lake. Akauegemeza hapo kwa kiganja chake mwenyewe. Akaanza kuimba.

Alianzia palepale koki ilipokatia. Hakuwa mwimbaji, sauti ilimkwama, akaikohoa, akaendelea. Mama anamwita mtoto kisimani, rudi, rudi hata kama kibuyu hakijajaa. Mzee alishtuka kama mtu kaguswa na maji ya moto. Halafu mabega yakamshuka. Vidole vikajikunja taratibu kwenye koo la binti yake.

Watu wakamgeukia Mkaguzi. Sheria ilikuwa wazi, na lakiri anayo, amepewa makusudi. Mkaguzi Faki akafungua mkoba. Akaingiza mkono. Akatafuta. Akaingiza na kichwa.

"Tafuta, Faki," Shangazi Tausi akamnong'oneza, machozi yanamtiririka. "Tafuta vizuri, baba. Angalia na mfuko wa ndani."

"Naangalia," akasema Faki kutoka ndani ya mkoba.

Kona ikafika. Siwema akanyamaza. Halafu akafunga midomo, akaanza kunguruma chini kwa chini, dumu, dumu, ile ngoma inayotembea chumba cha pili. Mzee akafumba macho. Nikaona anajua. Yaani ilikuwa usoni kwake waziwazi, anajua kinachokuja baada ya hapo na hakitaki. Nikaogopa hatavuka. Vidole vimetulia kwenye koo, mguu umetulia kwenye kizingiti, na ngoma inaelekea kuisha.

Sauti ikarudi. Mzee Ngwali akavuka.

Wakatoka wote wawili juani, na Siwema akaumaliza wimbo pale nje, mkono wa baba yake bado uko palepale. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walingoja. Ulipoisha, Siwema akamwangalia, akamuuliza polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa ambayo mzee yule asingeisikia hata ndani ya chumba kitupu:

"Bado upo, baba?"

Na mzee, kiganja kooni kwa Siwema, akasema, "Nipo, mama. Nipo."

"Nimeipata!" Mkaguzi Faki akatoa kichwa kwenye mkoba, nywele zimemvurugika, kashika lakiri juu watu waione. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Bahati mbaya wimbo umeisha."

Mjumbe yule mwenye mashavu alikuwa kati ya wageni. Akapaza sauti kwamba uvushaji huu ni batili. Mkaguzi Faki akavaa kofia, akainyoosha sare.

"Mheshimiwa, sheria inaniuliza mawili tu. Kona ilifika? Ilifika, nimeisikia. Mzazi alivuka juu yake? Alivuka, hatua yake nimeisikia pia. Kwa koki gani, hapo sijaulizwa. Wimbo uhamishwe."

Hapo ndipo vigelegele vikalipuka. Shangazi Tausi alimkumbatia Mkaguzi mpaka kofia ikaanguka, na mimi nikarukaruka na simu yangu hewani nikisahau hata kupiga picha. Picha ya siku ile sina. Ninayo moja tu ya Siwema kaziba uso kwa upawa.

Niliondoka kesho yake mchana. Mkaguzi Faki alinisindikiza mpaka getini. Akaichukua simu yangu, akaikwangua lakiri kwa ukucha, taratibu asije akakikwaruza kioo, akaviokota vile vipande akavitia mkobani.

"Sasa unaweza kusikilizia kwa yule jamaa yako," akasema.

"Nikuulize kitu, mkubwa? Wimbo wako wa kizazi ulikuwa upi?"

"Ulikauka. Nilikuwa bado nasoma. Alikuja mkaguzi, akavua kofia, mama akamshukuru."

"Pole."

"Ndiyo hivyohivyo alivyosema."

Akaangalia nyuma yake, barabara nzima haina mtu. Akaangalia mbele. Halafu akaushika mkono wangu, ule usio na simu, akafungua kifungo cha juu cha sare ile iliyopigwa pasi, akauweka kooni kwake. Akafunga midomo, akaanza kunguruma.

Haukuwa mrefu. Nafikiri nusu yake alikuwa ameshaisahau, kuna mahali alirudia mara mbili akitafuta njia. Lakini kona ilikuwemo. Niliisikia kwenye kiganja, kimya, halafu kitu kinatembea chini kwa chini, halafu kinarudi. Na kiliporudi nikagundua nimeshapiga hatua, niko nje ya geti, na mkono wangu umeshikilia hewa.

Hapo naifunga koki yangu. Mwenye lakiri anitafute.